Simu ya Bendi Zote

Tiki ya pili ilitokea Jumatatu, saa nne na robo asubuhi, nikiwa nimeuma bisibisi na simu ya mtu imefunguliwa tumbo mbele yangu.

Wiki tatu nzima ujumbe ule wa wasapu ulikuwa na tiki moja, yaani haujamfika. Nilikuwa nautazama nikiamka na nikilala, mpaka nikajikataza kuutazama. Sasa tiki zilikuwa mbili. Kabla sijaitoa bisibisi mdomoni, zikageuka buluu.

Shaza alikuwa amenisikia.

Uliyekosa niliyoyasimulia nyuma, chukua haya machache, mengine hayana faida hata kurudiwa. Naitwa Anis. Nauza na kutengeneza simu hapa Changamwe, katika kibanda kilicho chini kabisa ya mnara wa mtandao. Mwaka huu nilinunua mzigo wa simu zilizotumika ng'ambo, simu za kung'aa, nzuri kuzishika. Kasoro yake ilikuwa moja. Zilitengenezewa hewa ya nchi nyingine.

Simu hushika mawimbi kwa njia zake, nasi mafundi huziita bendi. Kuna bendi ya juu, ina kasi lakini ukuta huizuia. Kuna ya chini, iendayo pole, nayo hupenya mpaka chumba cha ndani. Simu ya kweli inazo zote. Zangu zilikuwa na ile ya juu tu, basi nje zilishika, ndani ya nyumba ya mawe zilikufa.

Nikachukua wembe, nikakwangua maandishi ya nyuma, nikabandika stika: BENDI ZOTE. Mteja akiwa na wasiwasi namwambia ajaribu hapohapo. Chini ya mnara ule hata kopo la maziwa lingeshika.

Mke wangu Shaza aliniona na wembe. Akaniambia niwarudishie watu haki yao. Nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza. Nikamwacha, talaka moja, chai yangu ingali moto mezani, naye akaenda kukaa eda kwa baba yake Mkomani.

Talaka moja haijafunga mlango. Mwanamke akiwa ndani ya eda, mumewe aweza kumrejea kwa kutamka tu, bila nikaha mpya. Eda ikiisha, basi. Eda ya Shaza iliisha Ijumaa, tarehe kumi na nne Novemba. Mimi nilitamka Alhamisi, tarehe kumi na tatu, saa tano asubuhi. Nilitamka kwa ujumbe wa sauti, kwa kuwa niliona haya kusimama mlangoni kwa baba yake na kuomba.

Tiki moja. Nikasema amenifungia. Kila mtu ajua tiki moja maana yake nini. Nikanuna, Ijumaa ikapita, na wiki ya pili nikasikia kaposwa na Ihsan, mtoto wa rafiki ya baba yake, mwenye kazi Maskati. Nikaha Ijumaa hii. Safari Jumapili.

Hapo ndipo niliponyamaza wiki iliyopita. Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Mbele yangu kibandani alikuwa amekaa Karisa. Hili nalo lazima nilieleze, kwa sababu Karisa hakuwa mgeni, alikuwa adhabu.

Karisa ni kibarua wa kupakua makontena Miritini. Alinunua kwangu simu moja ya mzigo ule. Msimamizi wao huita watu alfajiri kwa simu, na Karisa alfajiri yumo ndani, amelala na mkewe na wanawe. Simu yake haikuita hata siku moja. Akitoka nje kupiga mswaki ndipo inashtuka, lakini gari limeshaondoka na wenziwe.

Alipoirudisha nilimwambia nitamrudishia pesa mwisho wa mwezi. Akakataa.

"Pesa utanizungusha. Mimi nataka simu inayoshika."

"Sina nyingine, Karisa."

"Basi nitakaa."

Akakaa. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya tano nilimpa chai. Hapigi kelele, hatukani mtu, anakaa kwenye benchi langu kuanzia asubuhi, simu yake pajani. Wateja wakimuuliza anangoja nini, anajibu kwa adabu, "Nangoja netiwaki." Tangu aanze kukaa sijauza simu hata moja.

Jumatatu ile nilifurahi mno hata nikasahau kwamba yeye ni adui.

"Karisa, mke wangu amenisikia."

"Yule uliyemsemesha siku ile nanunua simu?"

"Huyohuyo."

"Mbona amekawia?"

Aliuliza bila ubaya. Akaendelea kuipangusa simu yake kwa ncha ya shati. Nami macho yangu yakashuka mpaka kwenye ile simu pajani pake, kava la buluu, stika yangu nyuma.

Shaza alikuwa na simu kama ile. Nilimpa mwenyewe. Nilichukua simu yake ya zamani, nzuri, nikaiuza, nikampa moja ya mzigo wangu ili majirani waone mke wa fundi anaitumia. Hapa Changamwe tulikaa karibu na mnara, haikumsumbua. Lakini nyumba ya baba yake Mkomani ni ya wazee wa zamani, kuta za mawe unene wa mkono mzima. Na mwanamke aliye edani hatoki. Alikaa chumba cha ndani miezi mitatu, na simu niliyompa mimi, hata baraza haikuliona.

Hakunifungia. Hakunisikia, na sababu ni mimi.

Mtaniuliza, wewe fundi, hukujua? Nilijua. Nilikwangua kwa mkono wangu. Lakini maneno yale nilikuwa nimeyasema kwa watu wengi hata nikayasadiki. Siku zile ungeniamsha usingizini ukaniuliza, ningekuapia kwamba simu zile zinashika bendi zote.

Baada ya adhuhuri simu yangu ikaita. Jina lake likawaka kwenye skrini.

"Shaza."

"Umekaa peke yako?"

"Yupo mteja tu."

"Toka nje."

Nikatoka. Sauti yake ilikuwa safi, karibu sana, hata pumzi niliisikia.

"Hii simu nzuri," nikasema, kwa upumbavu.

"Ni ya Ihsan. Kaileta leo. Ile yako niliitupa kabatini tangu mwezi wa kwanza wa eda, haikunifaa kitu. Nimetia laini yangu katika hii, nikaingia wasapu, ujumbe wako ukaja. Nikaubonyeza, mara ukawa unasema, sauti yote nje. Shangazi Kuluthum alikuwa ubavuni mwangu, ananisonga nywele."

"Amesikia?"

"Amesikia lile neno lako, nimekurejea. Akauliza, yasema nini hiyo? Akenda mbio kwa baba."

"Na tarehe?"

Akashusha sauti. Nikajua ameiona.

"Tarehe nimeiona mimi peke yangu," akasema. "Wao nimewaambia umeutuma leo. Kwamba umesikia naolewa, ukashikwa na wivu, ukajisemea tu."

Moyo wangu ulifanya jambo la aibu, nami nimeahidi kutoficha. Ulifurahi. Nilikuwa na neno la kweli, nimelitamka kwa wakati wake, na simu imelihifadhi kwa siku na saa.

"Shaza, basi wewe ni mke wangu. Mpaka sasa hivi. Eda haikuwa imekwisha."

"Najua."

"Hakuna Ihsan. Hakuna nikaha Ijumaa."

"Najua, Anis. Nilisoma madrasa nawe."

Hakusema kwa furaha. Nilingoja furaha ije, haikuja.

"Umeusikiliza mwenyewe ule ujumbe?" akaniuliza.

"Niliusema, nausikilizia nini?"

"Kausikilize mwisho wake. Wasema, Shaza, nimekurejea, nisamehe, rudi nyumbani. Mimi machozi yanianguka. Halafu hukuzima. Nasikia mtu auliza, na Miritini itashika? Nawe wamwambia, wallahi inashika bendi zote. Kwa sauti ileile, Anis. Haikubadilika hata kidogo. Nikawa sijui neno gani ulilisema kweli."

Nikalikwepa kwa swali.

"Huyo Ihsan wampenda?"

"Ihsan aniambia jambo usiku, naamka asubuhi nalikuta palepale. Mimi nimechoka, sitaki zaidi ya hilo."

"Basi nitakuacha kwa wema. Nitatamka sasa hivi."

"Ukiniacha leo nianze eda upya. Miezi mitatu mingine katika chumba kile. Ihsan yuwaondoka Jumapili, na mamake keshasema mwanawe harudi Maskati mkono mtupu, kama si mimi ni mwengine. Kadi zimetoka. Baba ana presha. Kwa sababu ya simu yako nimeketi gizani, sasa niketi tena?"

"Wataka nifanye nini?"

"Sheikh Aidarus anakuja Jumatano alasiri. Baba hakuridhika na maneno yangu, ataka ya kwako. Utaulizwa ulitamka lini. Sema Jumatatu."

"Hiyo itakuwa uongo."

Alicheka, kicheko kifupi, kikaniumiza kuliko matusi.

"Watu wa Changamwe umewadanganya wote, wala hapana aliyekuomba. Mimi nakuomba. Nidanganyie mara moja tu."

"Na Mungu, Shaza? Utaingia nyumba ya mwanamume na mimi ningali mumeo."

Nikatazama skrini, kama simu imekatika.

"Nimefikiri hayo tangu saa nne," akasema polepole. "Naogopa. Lakini nimechoka zaidi ya ninavyoogopa. Wa kwangu nimeufuta. Ufute na wewe."

Akakata.

Niliporudi kibandani Karisa alinisogezea kiti changu mwenyewe.

"Habari mbaya?"

"Karisa, ukiambiwa useme uongo umsaidie mtu, utasema?"

Akafikiri kwa muda mrefu, maana yeye kila kitu hukifikiri.

"Wewe waniuliza mimi hilo?" akasema, akarudi kuipangusa simu yake.

Jumanne sikufungua kibanda. Nilifunga mlango wa nyumba nikausikiliza ule ujumbe. Yote aliyosema Shaza yalikuwamo. "Shaza, nimekurejea." Halafu karatasi ikachanika, nadhani ni risiti nikiitoa kitabuni. "Na Miritini itashika?" "Wallahi, inashika bendi zote." Halafu sauti ya Karisa tena, ya furaha, "Hongera, bwana, kumrudia mama." Nilikuwa nimeisahau hongera yake.

Nilipiga hesabu ya njia zangu, na kila njia ilikuwa mbaya. Nikisema kweli nabaki na mke asiyenitaka, aliyefungwa kwangu kwa ujumbe ambao hakuusikia. Nikisema kweli kisha nimwache, namnyang'anya Ihsan na kumrudisha kwenye kuta zile. Nikisema uongo, namtia dhambini mwanamke ambaye hajanikosea chochote, nami nitalijua hilo kila siku nitakayoishi.

Wengine watasema mwanamume wa kweli angefanya hivi, angefanya vile. Mje basi mkae mahali pangu. Mimi nilitafuta njia iliyo nzuri mpaka adhana ya alfajiri na sikuiona.

Jumatano mchana niliufuta. Ulipotoweka nilihisi nimemwacha Shaza mara ya pili.

Nilipotoka nyumbani, Karisa alikuwa amesimama nje ya mlango.

"Jana hukufungua," akasema.

"Nina msiba wangu, Karisa. Naenda Mkomani kwa wakwe."

"Twende."

"Wewe waenda wapi?"

"Wewe ndiye fundi wangu. Ukienda, naenda."

Sikuwa na nguvu ya kumfukuza. Tulifuatana mpaka Mkomani bila kusemezana. Mlangoni kwa Bwana Anwar, baba yake Shaza, nikamwonyesha Karisa baraza.

"Kaa hapa. Usiingie."

"Kukaa najua," akasema, akakaa.

Ndani, Bwana Anwar alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akiitazama saa ya ukutani. Mtu huyu alinioza binti yake akaniambia, nakupa amana. Miezi mitatu na zaidi hakuwa amesema nami. Sheikh Aidarus alikaa kwenye mkeka, daftari lake mbele, na katikati ya chumba palikuwa na meza ndogo na msahafu juu yake, umefunikwa kitambaa cheupe. Nyuma ya pazia la chumba cha ndani nilisikia wanawake wawili wakitulia.

Nilitoa simu yangu mfukoni kuizima. Mtandao ulikuwa umejaa. Hili pia nalikiri, maana sijawahi kulisema: simu ya kwangu mwenyewe ilikuwa ya kweli, ya bendi zote. Ile ya mzigo sikuwahi kuitumia hata siku moja.

"Sitarefusha," Sheikh akaanza. "Talaka ni moja, ya rejea. Eda imekwisha Ijumaa, tarehe kumi na nne. Shaza mwenyewe alinambia siku ya posa, nimeiandika hapa. Sasa kuna neno la kurejea. Kuluthum kalisikia kwa masikio yake. Neno likitamkwa ndani ya eda, mke ni wako, awe kasikia awe hakusikia, awe kataka awe hakutaka. Likitamkwa baada ya eda, ni maneno ya barabarani. Tumefahamiana?"

"Tumefahamiana, sheikh."

"Ulitamka lini?"

Nilimtazama Bwana Anwar. Alikuwa ameacha saa, ananitazama mimi.

"Jumatatu hii, sheikh. Niliposikia anaolewa."

Ilitoka vizuri. Sauti haikutetemeka. Nilisema kama ninavyosema kibandani, na nyuma ya pazia nikasikia mtu akishusha pumzi.

"Uko wapi ujumbe wenyewe?"

"Nimeufuta. Niliona haya."

"Shaza."

"Abee, sheikh."

"Wa kwako uko wapi?"

"Nimeufuta na mimi, sheikh."

"Mmefuta nyote wawili," Sheikh akasema, akafunga daftari polepole. "Simu mbili za bei, na ndani yake hamna kitu."

Bwana Anwar akajisogeza kitini. "Sheikh, mtoto keshasema, na huyu keshasema. Yamelingana. Basi, ama?"

"Yamelingana mno," akasema Sheikh. "Wala mimi sina neno. Ila hili si jambo la duka, hili ni la tumbo la mwanamke na nasaba ya watoto watakaozaliwa. Anis ataapa. Hapo msahafu. Akishaapa, mimi mwenyewe nitasimamia nikaha Ijumaa."

Adhana ya Alasiri ikaanza msikiti wa jirani.

"Niache nitie udhu kwanza," akasema Sheikh, akainuka na kutoka.

Tukabaki wawili, mimi na baba mkwe wangu, na msahafu katikati yetu. Nikaanza kujizoeza kimoyomoyo. Wallahi, nilitamka Jumatatu. Maneno matatu tu.

"Anis," Bwana Anwar akasema ghafla, kwa sauti ya chini. Ilikuwa mara ya kwanza kunitaja jina tangu talaka. "Mimi nilikuwa nangoja uje. Miezi yote ile mitatu. Kila mlango ukigongwa nasema ni yeye. Ungekuja ungesimama tu pale nje, ningekupa mkeo."

Nilitaka kulia. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuja, kwa njia yangu ya woga, na kwamba ukuta wa nyumba yake na simu yangu vilinizuia. Nilisema, "Nisamehe, baba." Akairudia saa ya ukutani.

Barazani bomba lilikuwa wazi, maji yanamwagika. Dirisha lilikuwa wazi pia, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Salaam, bwana," ilikuwa sauti ya Sheikh. "Wangoja nani hapa?"

"Salama, mzee. Namngoja Anis. Ndiye fundi wangu."

"Mwajuana tangu zamani?"

"La, si zamani. Tangu Alhamisi ile aliponiuzia simu. Siku aliyomrudia mkewe."

Niligeukia dirisha.

"Siku aliyofanya nini?"

"Aliyomrudia mkewe. Alimsemesha kwa simu, nami nimesimama pale, ameshika simu mkono huu na risiti yangu mkono huu. Hata nikampa hongera. Kwani haikuwa hivyo, mzee?"

Karisa hakuwa na hila. Naapa kwa hili, nami si mtu wa kuaminiwa nikiapa. Hakujua ndani kunasemwa nini. Aliulizwa, akajibu, kama anavyomjibu kila mtu.

Bomba likafungwa.

"Alhamisi gani hiyo?"

"Tarehe sina kichwani. Lakini iko kwa karatasi. Naibeba kila siku, maana fundi akikataa, nitamwonyesha."

Nyuma ya pazia shangazi Kuluthum akanong'ona, "Huyo nani?" Bwana Anwar alikuwa ameshika mikono ya kiti chake, uso umebadilika rangi, na kwa mara ya kwanza nikamhofia presha yake kuliko nilivyojihofia mimi.

Sheikh Aidarus aliingia na mikono yake ingali majimaji mpaka viwikoni. Alikishika kikaratasi kwa ncha za vidole viwili asikiloweshe. Karisa alimfuata mpaka kizingitini akasimama hapo, amekumbuka nilimwambia asiingie.

Sheikh akakunja miguu, akaketi, akakiweka kikaratasi mezani ubavuni mwa msahafu, akakigeuza kinielekee.

Nilikifahamu. Kilikuwa kimekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata kimeanza kukatika. Juu, kwa herufi zangu kubwa: INASHIKA BENDI ZOTE. Chini: Alhamisi, 13 Novemba. Sahihi yangu, na mkia wake mrefu ninaoupenda.

"Mwandiko wako?"

"Ndiyo, sheikh."

"Umeandika mambo mawili hapa. La juu, huyu bwana asema ni uongo, na simu yenyewe anayo mkononi, tukitaka tutaijaribu humu ndani sasa hivi." Akatia kidole chenye maji chini ya tarehe, na wino ukaanza kutawanyika. "Limebaki hili la chini. Weka mkono wako juu ya msahafu, unambie nalo ni uongo?"

Mkono wangu ukainuka. Sikumbuki kuuinua.

Pazia likasogea kidogo, nikaona vidole vya Shaza vimelishika ukingoni, vimepakwa hina ya Ijumaa. Alikuwa anangoja kimya, kama walivyongoja wateja wangu wote, nimwambie inashika.